Ngao ya Kijiji

Swali letu la safari hii laweza kuonekana dogo, lakini si dogo. Je, yafaa jamii ndogo ya wakulima na wavuvi, kama hizi zetu za Kimwani, iwe na bendera na ngao yake yenyewe? Na ikiwa nayo, alama hiyo itawadai nini watu wake?

Wapo wasemao kwamba bendera ni ya taifa, na kijiji kikitaka ya kwake kinajikweza. Wareno hawaoni hivyo. Kwao ngazi ya chini kabisa ya serikali huitwa freguesia, neno lenye asili ya Kilatini na maana ya wana wa kanisa, kwa sababu zamani mipaka yake ilikuwa ndiyo mipaka ya parishi. Ziko zaidi ya 3,000, na nyingi ni za shamba tu. Hata hivyo zina bendera na ngao zake, zenye suke la ngano, kichala cha zabibu, tawi la mzeituni au gurudumu la kinu cha maji. Juu ya ngao huchorwa taji la minara: kijiji minara 3, mji mdogo 4, jiji 5. Sheria ya mwaka 1991 imeweka utaratibu wa mambo hayo. Basi mdogo amepewa taji lake, lakini hakuruhusiwa kuvaa la mkubwa. Hapo pana heshima na kiasi pamoja.

Nasi tusidhani kwamba alama ni jambo la kigeni. Wazee wetu wa Kagera walikuwa na ngoma za utawala, na Mkama aliposimikwa ilisemwa kwamba amekula ngoma. Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, lakini alama nyingine, isiyochorwa wala kupeperushwa, imebaki mpaka leo: mwiko wa ukoo, ambao Wahaya huuita omuziro. Wahinda, waliotawala Karagwe na Ihangiro, mwiko wao ni tumbili. Wabito, waliotawala Kiziba, mwiko wao ni pongo. Mtu alimtambua ndugu yake si kwa picha mlangoni, bali kwa kile ambacho ndugu huyo hakukila.

Tulitafakari jambo hili. Ngao za wakubwa wa Ulaya mara nyingi zilitangaza mwenye nazo ana nini: simba, ngome, upanga. Alama ya ukoo wetu yatangaza mtu anajizuia na nini. Ya kwanza humfanya ajivune. Ya pili humfanya ajitawale. Sisi twaona kwamba hii ya pili ina hekima kubwa zaidi.

Lakini ina upungufu wake pia. Mwiko wa ukoo huwakusanya wa damu moja na kuwaacha wengine nje. Kimwani si ya ukoo mmoja. Wapo Wahaya, wapo Wazinza, wapo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, wapo wavuvi waliofuata samaki wa ziwa. Tukichora ngao yenye mnyama wa ukoo fulani, wengine wote tumewafanya wageni katika vijiji walivyozika wazazi wao. Majirani zetu wa Kenya waliliona hilo. Sheria yao ya mwaka 2012 ilizitaka kaunti zote 47 ziwe na bendera na ngao, lakini ikaagiza wananchi washirikishwe kwanza.

Tutazame ngao ya taifa letu, ile tuizoeayo kwa jina la bibi na bwana. Miguuni pana mkarafuu na pamba. Mgomba haupo, mbuni haupo. Je, sisi wa Kagera tumesahauliwa? La, kwa maana lipo jembe, na jembe ni la kila mkulima. Alama njema haihitaji kumtaja kila mtu. Yatosha isimfukuze mtu.

Wengine watasema kitambaa ni kitambaa tu. Hao tungewauliza wazee wa kaskazini ya mto Kagera. Mwaka 1978 Idi Amin alitangaza kwamba nchi yao ni ya Uganda, na watu wakayakimbia makazi yao. Aliyekimbia namna hiyo anajua bendera iliyo mlingotini ina maana gani.

Basi jibu letu ni hili. Yafaa kijiji kiwe na alama, kwa maana mdharau kwao mtumwa. Lakini tusianze na rangi. Vijiji vyetu havina ngao, ila vina muhuri, kitu kidogo cha mpira kilichomo ndani ya droo ya ofisi, chenye jina la kijiji. Huo ndio ngao yetu. Ukipigwa kwenye barua ya kweli, kijiji kizima kimesema kweli. Ukipigwa kwenye karatasi ya kuuzia shamba la mjane bila yeye kujua, basi kijiji kizima kimeiba, hata sisi tuliokuwa tumelala nyumbani, maana jina lililogandamizwa pale ni letu sote.

Kwa hiyo, ndugu, siku tutakapokaa kuchagua kama tuchore mgomba, samaki au jembe, tuulizane kwanza: ni jambo gani ambalo mtu wa Kimwani hatalifanya, kwa sababu yeye ni wa Kimwani? Tukikubaliana juu ya mwiko huo, mchoraji hatakosekana. Tusipokubaliana, hata taji la minara 5 halitatusaidia.