Mizani ya Fundi Mpya

Kijana aliyehitimu VETA juzi anaitwa kufanya wayaringi katika nyumba ya vyumba vitatu. "Fundi, utanifanyia kwa shilingi ngapi?" Akiogopa kukosa kazi, anataja bei isiyotosha hata nauli na chakula. Wengine watauita huo unyenyekevu. Lakini pengo hilo litazibwa mahali fulani: dukani, kwa risiti iliyoongezwa, au ukutani, pale waya wa 1.5, ambao ni wa taa, unapopelekwa kwenye soketi zinazohitaji wa 2.5. Plasta ikishapigwa hakuna anayeona, mpaka waya upate moto.

Mambo ya Walawi 19:35, 36 husomwa sana dhidi ya anayempunja mteja. Anayejipunja mwenyewe ili apate kazi naye ameshika mizani isiyo sawa. (Bei inayopanda kwa kutazama geti la mteja haihitaji mjadala mrefu.) Paulo alishona mahema Korintho, Matendo 18:3, hatuambiwi kwamba aliona haya kupokea ujira.

Jadilini: Mjane wa kanisani akimwita fundi huyu, je, amtajie bei ya chini tu, au amtajie bei kamili, kisha amwambie wazi ni kiasi gani anamsamehe?