Je, Ni Haki Kumfanyia Majaribio Mtoto Asiyeweza Kusema?

Tuwaze mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Ni mwezi wa saba, wakati wa baridi, na usiku watu hujifunika blanketi mbili. Mama huyo alitazamia kuzaa mwezi wa tisa, lakini uchungu umemshika kabla ya siku zake, na mtoto amezaliwa na uzito wa gramu 1,400. Ngozi yake ni nyembamba, kifua chapanda na kushuka kwa shida, wala hana nguvu ya kunyonya. Asubuhi daktari anakuja na karatasi mkononi. Anasema: “Mama, tunafanya uchunguzi juu ya utunzaji wa watoto kama huyu wako. Ziko namna mbili za kumtunza, nasi hatujui bado ipi inaishinda nyingine. Mtoto wako atapata moja kwa kura. Je, unakubali?” Mama ananyamaza. Lakini mamamkwe wake aliyeketi karibu hanyamazi. “Dokta,” asema, “mjukuu wangu si panya. Kama mnajua dawa, mpeni. Kama hamjui, mtuachie mtoto wetu.”

Ndugu msomaji, usimcheke bibi huyu. Neno lake ni zito, na watu wenye elimu kubwa wamelisema kabla yake. Mwaka wa 1947, katika mji wa Nuremberg, mahakama iliwahukumu madaktari wa Kijerumani waliotumia wafungwa kama vyombo vya kujaribia. Hapo ndipo mahakimu walipoandika sharti la kwanza, kwamba mtu asifanyiwe majaribio pasipo ruhusa yake mwenyewe. Mwaka wa 1952 Papa Pius XII, akizungumza na madaktari, alifundisha kwamba faida ya watu wote haimpi daktari haki ya kumtumia mtu mmoja apendavyo. Kwani mtu hakuumbwa awe chombo cha wenzake.

Basi, mtoto wa gramu 1,400 atatoa ruhusa gani? Hata kulia hajaweza sawasawa. Kweli, mwaka wa 1964 chama cha madaktari wa dunia, katika tangazo la Helsinki, kilikubali kwamba mlezi aweza kutoa ruhusa kwa ajili ya yule asiyeweza. Lakini bibi wetu angejibu kwamba yeye ni mlezi, naye anakataa. Anataka mtoto apewe tu mambo yale ambayo kila mtu anajua kuwa ni mema.

Neno hili lapendeza. Lakini kwanza tuone yaliyowapata watoto wakati walipopewa mambo ambayo kila mtu alijua kuwa ni mema.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 mara nyingi mapafu yake hayajakomaa, hasa akizaliwa mapema sana. Miaka ya 1940, hospitali tajiri za Marekani na za nchi nyingine ziliwaweka watoto hao katika kuvezi, yaani masanduku yenye joto, na kuwapa oksijeni kwa wingi. Nani angekataa? Mtoto aliyekuwa wa rangi ya buluu akipewa oksijeni, midomo yake hugeuka kuwa myekundu mbele ya macho ya mama yake. Lakini katika miaka ile ile madaktari walianza kuona watoto wengi wakipofuka. Mishipa ya damu nyuma ya jicho ilikua vibaya, ikauvuta utando unaopokea mwanga hata ukabanduka. Inakadiriwa kwamba watoto karibu 10,000 walipofuka kwa njia hiyo. Mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1950 kabla ya siku zake, ni mmoja wao.

Ilikuwaje hata wakajua chanzo? Mwaka wa 1951 daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, aliandika kwamba upofu ulionekana zaidi kwa watoto waliopata oksijeni nyingi. Wakati huo huo, katika hospitali moja ya Washington, daktari Arnall Patz na mwenzake Leroy Hoeck waliwagawa watoto mafungu mawili: hawa wapate oksijeni nyingi, hawa kidogo. Basi, wauguzi wengine wa zamu ya usiku waliona kuwa ni ukatili kumnyima mtoto oksijeni. Madaktari walipokwenda zao, wauguzi wale wakafungua bomba.

Tulifikiri jambo hili vizuri. Wauguzi wale hawakuwa watu wabaya. Walisukumwa na huruma, na yamkini mimi na wewe tungefanya vile vile. Lakini kwa huruma yao waliyaweka macho ya watoto katika hatari. Yale matokeo ya Washington, na baada yake uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 18 za Marekani mwaka wa 1953 na 1954, yalionyesha wazi kwamba oksijeni isiyo na kipimo hupofusha.

Hata hapo mambo hayakuisha. Madaktari waliogopa, wakaamuru oksijeni ipunguzwe kwa watoto wote. Upofu ulipungua, nao wakafurahi. Lakini amri ile ilipita mbali kuliko yale yaliyochunguzwa, na watoto wenye mapafu dhaifu walikosa pumzi. Mwaka wa 1973 daktari K. W. Cross wa Uingereza alipiga hesabu, akakadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeponywa macho, watoto 16 hivi walikufa. Mara ya kwanza watu walikosa kwa kutoa, mara ya pili walikosa kwa kunyima, na mara zote mbili walidhani wanajua.

Huenda mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya zamani na ya mbali. Basi tuje karibu, tena katika siku zetu. Iko dawa ambayo mama huchomwa kabla ya kuzaa, ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Liggins na Howie wa New Zealand waliionyesha nguvu yake mwaka wa 1972, na katika hospitali kubwa za nchi tajiri imeokoa watoto wengi. Kwa hiyo watu wenye nia njema walisema: tuipeleke mpaka vijijini na kwenye zahanati ndogo. Waliijaribu katika nchi sita, na mojawapo ni Zambia, jirani yetu wa Kasumbalesa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2015. Dawa haikupunguza vifo vya watoto wadogo sana. Tena, tukihesabu watoto wote, vifo viliongezeka kidogo mahali ilipotumiwa. Akina mama wengi waliochomwa hawakuzaa mapema, na huko hakukuwa na vyombo vya kupima umri wa mimba vizuri. Lakini mwaka wa 2020 uchunguzi mwingine, uliofanywa katika hospitali 29 za nchi tano, Kenya mojawapo, ulionyesha kwamba mahali penye vipimo na uangalizi mzuri dawa ile ile huokoa. Katika watoto 100 wa akina mama waliopata dawa, 20 hivi walikufa. Wa akina mama wasiopata, 23 au 24.

Mambo hayo yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba bibi wetu amegawanya mambo mahali pasipo pake. Yeye adhani kuna watoto wanaojaribiwa na watoto wasiojaribiwa. Lakini daktari ampaye mtoto dawa isiyopimwa, naye anajaribu. Anajaribu kila siku, kwa kila mtoto. Tofauti ni kwamba haandiki, hahesabu wala hafananishi, na kwa hiyo aweza kukosa miaka kumi pasipo kujua. Wale 10,000 hawakupofushwa na watu waliowachunguza. Walipofushwa na watu waliowapenda, ambao hawakuchunguza mapema.

Kwa hiyo kuuliza si kinyume cha kupenda. Nikimpenda mtoto, nitataka kujua kama mkono wangu unamponya au unamdhuru. Anayekataa kupimwa kwa sababu nia yake ni njema, amependa nia yake kuliko mtoto.

Hata hivyo tusimwache bibi na kumfuata daktari bila masharti. Mimi naona matatu.

La kwanza, wasijue kweli. Kama daktari anajua tayari ipi ni bora, kura ni dhambi. Tena watu wengine wasimamie hesabu, wenye mamlaka ya kusimamisha kazi mara ukweli uonekanapo.

La pili, mzazi aambiwe yote. Mwaka wa 2010 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani uliofananisha vipimo viwili vya oksijeni. Mwaka wa 2013 ofisi ya serikali yao ilisema kwamba karatasi walizopewa wazazi hazikueleza sawasawa hatari ya upofu na ya kifo. Watu wengine wenye elimu waliwatetea madaktari, wengine waliwalaumu. Lakini kama huko ambako wazazi wanajua kusoma mambo yalikuwa hivyo, itakuwaje hapa kwetu, karatasi ikiandikwa kwa Kifaransa, na mama wa Kenya au wa Katuba anasema Kiswahili? Kidole kilichotiwa wino si ruhusa kama masikio hayakusikia. Wala hakuna ruhusa ya kweli pale ambapo mama anakubali kwa sababu hana fedha na mtoto wa uchunguzi hutibiwa bure. Huyo hakusema ndiyo. Ni ufukara wake uliosema. Yule anayekataa sharti atunzwe kama yule anayekubali.

La tatu, na hili husahauliwa mara nyingi, ni kwamba matunda yawarudie waliopanda. Wazazi wa Lubumbashi wamekwisha kutoa mengi. Mwaka wa 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu chetu pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi juu ya watoto waliozaliwa hapa mjini wakiwa na kasoro za mwili. Akina mama walikubali kupimwa, na ilionekana kwamba kasoro hizo zilizidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi za madini. Elimu hiyo imesomwa Ulaya. Je, imewafikia wachimbaji wenyewe? Tena mwaka wa 2018 wachunguzi wa hapa hapa waliandika juu ya malipo ya uzazi na ya watoto wachanga mjini mwetu. Walionyesha kwamba bei hutofautiana sana toka nyumba moja ya uzazi hadi nyingine, na katika kichwa cha makala yao waliliita jambo hilo biashara. Elimu iliyonunuliwa kwa watoto wa maskini, kisha ikauzwa kwa wale tu wenye fedha, ni deni lisilolipwa.

Lakini liko tunda moja ambalo maskini aweza kulishika leo. Mwaka wa 1978, katika mji wa Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey aliona kwamba kuvezi hazitoshi na watoto wanalundikwa pamoja. Akawafunga watoto wadogo katika vifua vya mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu wa Australia abebavyo mtoto wake mfukoni. Wengi walisema hiyo ni dawa ya maskini. Na kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba mtoto dhaifu atulie kwanza katika kuvezi, ndipo apelekwe kifuani. Kila mtu alijua kuwa ni hivyo! Basi wakauliza. Katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, watoto 3,211 wenye gramu 1,000 hadi kabla ya 1,800 waligawanywa kwa kura: hawa wawekwe kifuani mara moja baada ya kuzaliwa, hawa wangoje kama kawaida. Katika kila watoto 100 waliowekwa mara moja, 12 walikufa kabla ya siku 28. Katika wale waliongoja, karibu 16. Wasimamizi walipoona hivyo waliagiza kura isimamishwe. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2021, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto hao wawekwe kifuani upesi iwezekanavyo.

Tazama, wanaohitajika ni mama, kitenge kimoja, na kitanda cha mama kando ya mtoto wake. Katika usiku wa mwezi wa saba, umeme ukikatika, kifua cha mama hakipoi. Wala hakina moshi kama mbabula ya makala. Lakini hatungejua kwamba yafaa tangu saa ya kwanza, kama wazazi wa wale watoto dhaifu 3,211 wangejibu wote kama bibi wetu.

Basi, turudi kwa bibi. Yeye ni mlinzi wa mjukuu wake, na kazi hiyo asiiache. Lakini badala ya kusema “mtuachie mtoto wetu”, na aulize: “Dokta, kweli hamjui? Nikikataa, mtamtunza vile vile? Mkijua, mtarudi hapa Katuba kutuambia, na mjukuu wa jirani yangu atapata bila kuuza sufuria zake?” Daktari akiweza kujibu maswali hayo bila kutazama chini, mama anaweza kutia sahihi kwa moyo mweupe. Akishindwa, bibi amesema kweli tangu mwanzo.

Na wakati wanapoendelea kusemezana, mtoto asiachwe kwenye blanketi baridi. Mama akichoka, hata bibi anaweza kumbeba kifuani mwake. Hilo limekwisha kuchunguzwa.