Kazi ya Mwosha Vizimba

Kijana mmoja tuliyemfundisha zamani kusoma na kuhesabu alipata kazi katika nyumba ya wanyama ya maabara. Humo hufugwa panya weupe, ambao wataalamu huwajaribia dawa kabla hazijapewa wanadamu. Yeye hajaribu dawa. Kazi yake ni kuondoa vizimba vichafu, kumwaga maranda yaliyolowa mkojo, kuosha, kukausha, kutandika maranda mapya, kujaza chupa za maji, na kesho yake kuanza tena. Jamaa zake walimcheka wakisema, "Umesoma miaka yote ile ili uoshe mavi ya panya?" Kicheko hicho hakikumwumiza sana, maana kazi mbi si mchezo mwema, na mshahara wake ndio uliowalisha hao hao waliocheka. Lililomsumbua ni neno jingine. Alikuja kwetu jioni moja, akatuamkia, akakaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Mwalimu, kila siku nawatendea wema viumbe hawa, nami naijua siku watakayouawa, kwa kuwa imeandikwa ubaoni. Je, wema huo si hila?"

Twawaletea wasomaji swali hili kwa sababu halikutupa usingizi usiku ule, wala hatudhani kuwa ni la kijana huyu peke yake.

Hila, kwa tuonavyo sisi, ni wema autendao mtu ili amvute mwenziwe mahali pa kuumia. Mchinjaji amwitaye mbuzi kwa jani la kijani mkononi, huyo ana hila, ijapokuwa hatumlaumu sana, maana sote twala nyama. Lakini panya hakuvutwa kizimbani kwa maranda makavu; alizaliwa humo. Mwosha akiacha kuosha, siku ile ya ubaoni haisogei hata saa moja. Kitakachobadilika ni siku zilizo kabla yake. Na panya hana mali nyingine ila siku hizo, nazo ni chache: hata akiachwa afe kwa uzee, umri wake ni kama miaka miwili tu. Basi yeye ampaye maji safi na mahali pakavu hamdanganyi. Ampa kitu cha kweli, na pengine ndicho kitu pekee cha kweli atakachopata kwa mwanadamu.

Hatusemi kwamba neno hili lawaondolea lawama wale waandikao ubaoni. Hao wana hesabu yao. Mwaka 1959 wataalamu wawili wa Uingereza, Russell na Burch, walitoa kitabu chenye mambo matatu ambayo hata leo kanuni za nchi nyingi zimejengwa juu yake: asitumiwe mnyama palipo na njia nyingine, akiwa hana budi kutumiwa, watumiwe wachache iwezekanavyo, na maumivu yao yapunguzwe. Mambo mawili ya kwanza huamuliwa na wakubwa mezani. La tatu, kwa sehemu kubwa, limo mikononi mwa mtu mwenye ndoo na brashi.

Nasi tulidhani, kama wengi wadhanivyo, kuwa kuosha ni kuosha tu. Kijana akatufundisha sisi walimu wake. Mkojo wa panya ukikaa katika maranda huoza ukatoa amonia, hewa kali inayowasha pua na mapafu; kwa hiyo kuchelewa kuosha ni kumdhuru mnyama. Lakini kuosha kupita kiasi nako kuna madhara. Panya huijua nyumba yake kwa harufu. Madume wakaao pamoja, harufu yao yote ikiondolewa kwa ghafula, huweza kupigana hata kutoana damu. Mwosha mwenye akili huchukua sehemu ya kiota cha zamani akaitia katika kizimba kipya, ili mwenye nyumba aitambue nyumba yake. Tena kuna namna ya kumshika. Tangu zamani watu wamewainua panya kwa mkia, maana ni rahisi. Mwaka 2010 wataalamu wa Liverpool, Hurst na West, walitangaza kwamba panya ashikwaye mkia huwa na hofu nyingi kuliko yule aingiaye mwenyewe katika kibomba au ainuliwaye kwa viganja viwili vilivyokunjwa. Kazi ni ile ile, lakini kiumbe mmoja abaki akitetemeka na mwingine hatetemeki.

Sasa kuna jambo lililotukia Marekani, katika mji wa Cleveland, ambalo lapasa kukumbukwa na kila mtu aitaye kazi hii ndogo. Mwezi wa Agosti mwaka 1998 mtaalamu Patricia Hunt alikuwa akichungua mayai ya uzazi ya panya majike. Alikuwa na panya wa kulinganishia, wasiotiwa dawa yo yote. Kwa kawaida, katika kila mayai 100 ya panya hao, moja au mawili tu ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Ghafula zikawa karibu 40. Akatafuta sababu huku na huku asiione, hata alipovitazama vizimba vyenyewe na chupa za maji. Vilikuwa vya plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, navyo vimechakaa na kuharibika. Ikaonekana ya kuwa vilioshwa kwa makosa kwa dawa kali ya kuoshea sakafu. Dawa ile iliila plastiki, nayo ikatoa kitu kiitwacho bisfenoli A, ambacho mwilini hujifanya kama homoni ya kike. Panya walikinywa katika maji yao.

Bibi huyo hakuficha jambo, wala hakutupa hesabu zake akaanza upya kimya kimya. Aliviharibu vizimba vingine kwa makusudi kwa dawa ile ile, akaona kasoro zile zile, akatangaza habari yake mwaka 2003. Nchi nyingi zikaanza kuitazama upya plastiki ile, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukakataza bisfenoli A katika chupa za kunyonyeshea watoto wachanga.

Watu huipenda hadithi hii kwa kuwa mwisho wake ni mwema. Sisi yatutia hofu. Kosa halikuwa jema kwa sababu tu liliangukia mikononi mwa mtu mwangalifu. Kama angalikuwa mwenye haraka, panya wale wangalikufa bure, na vitabu vingalipata uongo mwingine uliopigwa chapa vizuri. Tena, ni nani alaumiwe? Mtu apewaye chupa ya dawa bila kuelezwa itafanya nini ndani ya kizimba, huyo amenyimwa nusu ya kazi yake. Mkubwa asemaye "osha tu, hayo mengine hayakuhusu" ameipanda mbegu ya kosa kwa mkono wake mwenyewe. Katika Maandiko, Naamani jemadari aliponywa kwa neno la kijakazi ambaye hata jina lake halikuandikwa. Lakini walau alisikilizwa.

Tulimwambia kijana hayo yote, naye akaenda zake akiwa mwepesi wa moyo. Tukafurahi, labda kupita kiasi.

Baada ya miezi michache akarudi. Jumamosi moja alikuwa amesahau kujaza chupa za safu moja ya vizimba, na panya walilala bila maji. Asubuhi aliwajazia, wakanywa, wakaonekana wazima. Hakuna mtu aliyemwona. Hata hivyo aliandika katika daftari: safu ya nne, hawakuwa na maji usiku kucha. Mtaalamu aliposoma alikasirika sana, maana kiu ingeweza kuzigeuza hesabu zake, na kazi ya majuma matatu ikaharibika. Panya wa safu ile wakauawa wote kabla ya siku yao, wakaletwa wengine ishirini kuanza upya.

"Ningalinyamaza," akasema, "wale wangalipata siku zao zilizobaki, na hawa ishirini wasingaliguswa. Nilisema kweli, mwalimu, nao ndio walioilipa."

Tulimjibu ya kuwa alifanya vema, na hata sasa twaamini hivyo. Kwa hesabu ya uongo, wa safu ya nne wangaliuawa vile vile siku yao ilipofika, na kifo chao kisingalimfaa mtu ye yote. Labda kingalimdhuru mgonjwa asiyejua lo lote juu ya safu ya nne. Lakini hatukumjibu upesi. Chai yake ilikuwa imepoa tulipofumbua kinywa, naye alikuwa akitazama mikono yake, ambayo dawa ya kuoshea imeichubua hata kwenye vifundo.