Somo la 8: Kumchagua Mshauri wa Kikristo

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ayubu 2:11–13, 42:7, Mithali 11:13, 18:13, Mathayo 7:15–20, Yohana 5:1–9, 2 Wakorintho 12:7–10, Wagalatia 6:1, 2.

Fungu la Kukariri: Mithali 20:5.

Huenda katika darasa lako la Shule ya Sabato yupo mtu anayevutwa na watu wa jinsia yake, naye hajamwambia mtu yeyote. Aweza kuwa kijana wa kwaya, mama mwenye watoto, au mtoto wa mzee wa kanisa. Anaitunza Sabato na kurudisha zaka. Usiku anaomba kwa machozi, na asubuhi anaamka na hisia zile zile. Siku moja atatafuta wa kumwambia. Mtu atakayemchagua siku hiyo aweza kumsogeza kwa Kristo, au kumfanya asiufungue moyo wake tena kwa Mkristo yeyote.

Fundisho la kanisa letu linajulikana: tendo la ndoa ni la mume na mke waliooana. Tamko la Konferensi Kuu la mwaka 1999, lililorekebishwa mwaka 2012, linasema hivyo, na linasema pia kwamba kila mwanadamu ana thamani machoni pa Mungu. Swali letu juma hili ni hili: mwenye mzigo huu amwendee nani, na atamtambuaje mshauri mwema?

*Jifunze somo la juma hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI: Marafiki wa Ayubu

Soma Ayubu 2:11–13 na 42:7. Ni wakati gani marafiki wa Ayubu walimfaa, na walianza kukosea wapi?

Siku saba, mchana na usiku, waliketi chini pamoja naye bila kusema neno. Hapo walikuwa washauri wema. Waliharibu walipofungua vinywa wakiwa na jibu tayari: ni lazima kuna dhambi uliyoificha. Mengi waliyoyasema juu ya Mungu twaweza kuyahubiri hata leo. Kosa lao ni kwamba waliyabandika kwa mtu ambaye hawakumsikiliza, na mwishowe Bwana aliwakasirikia wao.

Mithali 18:13 inamwonya anayejibu kabla ya kusikia. Mshauri anayekutajia chanzo cha hisia zako kabla hujamaliza kueleza, kwamba baba yako hakukupenda, au ulidhulumiwa utotoni, au una pepo, ni ndugu yake Elifazi. Vilevile mshauri asiyetofautisha kujaribiwa na kutenda dhambi atakutwika hatia ambayo Mungu hakukutwika. Waebrania 4:15 inatuambia kwamba Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kutenda dhambi.

Je, mtu akikuletea siri nzito, wewe huwa unasikiliza kwa muda gani kabla ya kuanza kufundisha?

JUMATATU: Anayeifunika Siri

Soma Mithali 11:13. Kwa nini mwenye roho ya uaminifu anapimwa kwa siri anazozitunza?

Kanisani siri hazitoki kwa wasengenyaji peke yao. Nyingine hutoka kwa njia ya ombi la sala. Jumatano jioni mtu husimama na kusema, "Tumkumbuke kijana wetu fulani, ana vita nzito, siwezi kusema ni vita gani." Kufika Sabato, kanisa zima limekwisha kujua.

Katika nchi zetu jambo hili linazidi aibu. Nchini Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka adhabu inayofika kifungo cha maisha. Nchini Kenya, kifungu cha 162 kinafika miaka 14. Sheria hizo zinahusu matendo, wala haziadhibu hisia. Lakini uvumi haujui tofauti hiyo. Kwa neno moja tu mtu aweza kufukuzwa nyumbani, kupoteza kazi, au kupigwa na watu wa mtaani.

Basi uliza kabla ya kueleza lolote: "Nitakayosema yatafika kwa nani?" Mshauri mwema atajibu waziwazi. Pia atakutajia mipaka: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akidhulumiwa, hatanyamaza. Anayesema ni lazima amshirikishe mke wake au baraza la kanisa, mshukuru kwa ukweli wake, kisha utafute mwingine.

JUMANNE: Matunda, Si Ahadi

Soma Mathayo 7:15–20. Yesu alisema tuwatambue waalimu kwa nini?

Historia inatufundisha tusimpime mshauri kwa ahadi zake. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na kituo huko Reading, Pennsylvania, nchini Marekani, kilichosaidiwa na kanisa letu wenyewe. Kiliahidi kuwatoa watu katika mvuto wa jinsia moja. Mwaka 1986 mkurugenzi wake alijiuzulu baada ya kujulikana kwamba alikuwa na mwenendo mchafu na vijana waliomjia kwa ushauri. Watu waliokwenda kutafuta msaada walirudi na jeraha la pili.

Shirika la Exodus International, lililoanzishwa mwaka 1976 na kuunganisha huduma nyingi za namna hiyo, lilifungwa mwaka 2013. Rais wake, Alan Chambers, aliwaomba radhi watu walioumizwa, na alikwisha kukiri kwamba wengi mno aliowajua mvuto wao haukubadilika. Mwaka 2009 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa taarifa baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo. Hakikuona ushahidi wa kutosha kwamba jitihada za kubadili mvuto hufaulu, na kilionya kwamba zaweza kuwadhuru watu.

Mungu hashindwi na jambo. Lakini mshauri anayekupa tarehe ya kubadilika anaahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake, na siku hiyo ikipita bila badiliko, lawama atakutupia wewe: hukuwa na imani. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe (2 Wakorintho 12:7–10). Haukuondolewa, na hakuna aliyemwita mwenye imani haba. Alipewa neema ya kumtosha.

Je, mshauri wako angeweza kutembea na Paulo baada ya ombi la tatu?

JUMATANO: Yesu Aliuliza Kwanza

Soma Yohana 5:1–9. Yesu alimwuliza nini mgonjwa kabla ya kumponya?

Mtu yule alikuwa amelala miaka 38. Haja yake ilionekana na kila aliyepita, hata hivyo Yesu aliuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Mwana wa Mungu hakumlazimisha. Mzazi anayemburuta mtoto wake kwa mshauri kwa vitisho, au anayemlipia mtu amfungishe kwa nguvu, amchape, amfungie ndani "mpaka limtoke", hafuati njia ya Bwana.

Wala ndoa si dawa. Wapo wazazi wanaoharakisha posa wakidhani kitanda cha ndoa kitamaliza mambo. Binti wa watu hakuumbwa awe tiba ya mtu. Naye atalia katika nyumba hiyo bila kujua kosa lake. Mshauri anayependekeza njia hiyo anaumiza watu wawili.

Ellen White, katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji kilichotolewa mwaka 1905, alionya dhidi ya mtu kuitia akili yake chini ya utawala wa mtu mwingine. Mshauri mwema hukuelekeza kwa Kristo. Akianza kukutaka umtii yeye, kaa mbali naye.

ALHAMISI: Maswali ya Kumwuliza Mshauri

Soma Wagalatia 6:1, 2. Paulo anamtaka anayesaidia awe na roho ya namna gani?

Mchungaji aweza kuombea na kufundisha Neno, lakini si kila mchungaji amesomea ushauri nasaha. Kumwuliza maswali haya si dharau:

1. Umesomea wapi ushauri nasaha, na ni nani anayeisimamia kazi yako?
2. Unaamini nini kuhusu Biblia, na utanifanyia nini nikiwa bado sijafikia unapotaka nifike?
3. Tutakutana wapi? Pawe mahali pa heshima ambapo watu wanajua kwamba kuna mtu anashauriwa. Asikuguse, wala asikutake kwake usiku.
4. Malipo ni kiasi gani, na naweza kuacha nikitaka?
5. Nikipatwa na mawazo ya kujiua, utafanya nini?

Swali la mwisho ni la uhai. Mtu mwenye mawazo hayo asiambiwe afunge na kuomba peke yake chumbani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Maombi yataendelea akiwa hospitalini.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Mithali 20:5 inafananisha mambo ya moyoni na maji ya vilindi. Maji ya kisima kirefu huletwa juu kwa kamba ndefu na mkono wa polepole. Anayevuta kwa pupa hukata kamba na kupoteza ndoo.

Mshauri husikiliza saa moja kwa juma. Saa zinazobaki ni zetu sisi kanisa. Tukimwambia mtu aishi bila ndoa kwa ajili ya Kristo, tunadaiwa kumpa ndugu, dada na meza ya kula.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kanisa lenu, nani mtu angeweza kumweleza siri kama hii bila kuogopa? Kama hayupo, ni kwa nini?
2. Tamko la kanisa la mwaka 2004 kuhusu ndoa linakataa kundi lolote la watu kudhihakiwa au kudhulumiwa. Mizaha yetu baada ya ibada inalingana na tamko hilo?
3. Mtoto wako akikuambia leo jioni kwamba anapambana na jambo hili, neno lako la kwanza litakuwa lipi? Liandike kabla ya Sabato.
4. Ni nani katika kanisa lenu ambaye kila Sabato hula chakula cha mchana peke yake? Mpangeni nani atamkaribisha.