Sanduku Lisilovunjwa Desemba

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2002, mahakama mjini Sydney iliteua mfilisi wa muda kusimamia United Medical Protection, chama cha kinga kilichokuwa kikihudumia zaidi ya nusu ya madaktari wa Australia. Viongozi wa chama ndio waliokwenda mahakamani kuomba. Hapakuwa na mweka hazina aliyetoroka na fedha, wala tajiri aliyekausha mtaji, kwa sababu chama kilikuwa mali ya madaktari wenyewe, waliochanga na kuchaguana tangu enzi za babu zao. Kilichowaangusha ni hesabu moja ambayo hawakupenda kuiandika.

Ukiwa Makere, pale barabara ya Kasulu kwenda Kibondo inapoachana na njia ya kambi ya Nyarugusu, Sydney ni mbali mno. Lakini kila ajali ya hospitali inapovuma kwetu, husikika waganga wakisema, "Na sisi tujichangie, siku mmoja wetu akishtakiwa tusimwache peke yake." Ni wazo jema, na ni kongwe kuliko wanaolisema wanavyodhani. Ndiyo maana inafaa kujua wenzao walipojikwaa.

Mwaka 1884 daktari mmoja wa Uingereza, David Bradley, alifungwa kwa tuhuma ya kumshambulia mgonjwa katika chumba chake cha matibabu. Alikaa gerezani miezi minane kabla ya kubainika kwamba hakuwa na hatia na kuachiwa. Wenzake walishtuka: kama yeye, basi yeyote. Mwaka 1885 wakaanzisha London chama cha kulindana, Medical Defence Union. Madaktari wa New South Wales waliiga mwaka 1893, na chama chao ndicho kilichokuja kuitwa United Medical Protection. Marekani walichelewa. Kule walitegemea kampuni za bima za kibiashara hadi mwaka 1975, baadhi ya kampuni zilipopandisha ada kupita kiasi au kufunga virago. Madaktari wa California waligoma, kisha wakaunda kampuni zao. The Doctors Company ilizaliwa huko mwaka 1976, na majimbo mengine yakawa na za kwao. Hawakukosea kuogopa. Desemba 2001 kampuni ya St. Paul, moja ya kubwa kabisa katika bima ya makosa ya tiba, ilitangaza kuachana na biashara hiyo, na makumi ya maelfu ya madaktari wakaanza kutafuta pa kujistiri.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuchangiana ni ujinga. Mfanyabiashara huondoka faida ikiisha, mwenzako wa kazi habanduki.

Tatizo ni kwamba sisi tunajua kuchangiana kwa namna moja, na namna hiyo haifai hapa. Katika vijiji vya Makere, kama kwingine nchini, VICOBA inaendeshwa kwa sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Kila wiki wanachama wananunua hisa, vitabu vinagongwa mhuri, na kando kuna bakuli la mfuko wa jamii. Mama fulani kafiwa, anapewa. Mtoto wa bwana fulani kalazwa hospitali ya Kabanga, baba yake anapewa. Shida inatokea Jumanne, kikao kinakaa, na ikifika Ijumaa imekwisha. Mzunguko ukiisha, mara nyingi Desemba, sanduku linavunjwa, kila mtu anabeba chake na kununulia bati au mbolea. Hakuna anayelala akiwaza deni la mwaka juzi, kwa sababu halipo.

Kosa la tiba halina adabu hiyo. Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, mzazi anaweza kudhani ni mapenzi ya Mungu. Mtoto anapofika miaka miwili bila kukaa wala kushika kijiko, ndipo maswali yanaanza. Sheria yetu nayo inampa nafasi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, dai la madhara ya aina hii lina miaka mitatu, lakini kwa mtoto miaka hiyo haianzi kuhesabiwa hadi atimize 18. Aliyeumizwa leo wodini anaweza kwenda mahakamani akiwa na miaka 20, na hakimu asione ubaya.

Sydney waliona hilo kwa macho. Msichana aliyezaliwa mwaka 1979, akavutwa kwa koleo za uzazi na kubaki na ulemavu wa ubongo, alipata hukumu yake Novemba 2001. Alikuwa mtu mzima. Mahakama iliamuru alipwe zaidi ya dola milioni 14 za Australia, kiasi kilichopunguzwa baadaye katika rufaa, na bili ikaja kwa United Medical Protection. Ada aliyolipa daktari aliyemzalisha mama yake mwaka 1979 ilikuwa ya bei za 1979. Fidia ilipigiwa hesabu kwa bei za 2001, pamoja na uuguzi wa maisha yake yote yaliyobaki.

Hesabu ambayo chama hakikuiandika ni hii: madai ya mambo yaliyokwisha kutokea ambayo bado hayajaletwa. Wanabima huyawekea akiba tangu siku ya kwanza. Wanamwajiri mtakwimu bima, ambaye kazi yake ni kukadiria kwamba katika uzazi wa mwaka huu, wangapi watakuja kudai, lini, na kwa shilingi ngapi. Chama cha Sydney kwa miaka mingi hakikuyaweka yote vitabuni. Kilikuwa na hoja ya kisheria, na hapa ndipo penye mtego: mwanachama hakuwa na mkataba wa bima. Alikuwa na haki ya kuomba msaada, na kamati ilikuwa na hiari ya kumpa. Asiye na mkataba hadai, na pasipo dai haliandikwi deni. Wanasheria waliridhika na maelezo hayo, lakini watoto waliozaliwa mwaka 1979 hawakuacha kukua.

Akiba isipoandikwa, fedha benki huonekana nyingi. Fedha zikionekana nyingi, mwenyekiti anayetaka kura hapandishi ada. Katika miaka ya 1990 vyama vya aina hii vilikuwa vikigombania wanachama, na mvuto mkubwa ulikuwa unafuu wa ada. Ilipofika mwaka 2000 chama kililazimika kuwaomba wanachama mchango wa ziada. Machi 2001 kampuni ya HIH, iliyokuwa imebeba sehemu ya mzigo wake kwa bima mtawanyo, yaani bima ambayo mkatia bima hujikatia mwenyewe, ilianguka. Mwezi wa tisa mashambulizi ya New York yakapandisha bei ya bima mtawanyo dunia nzima. Novemba ikaja hukumu ya yule msichana. Kufikia Mei hapakubaki la kuficha.

Madaktari wengi walisema hawatashika kisu bila kinga, na serikali ya Waziri Mkuu John Howard ikalazimika kutoa dhamana. Baadaye serikali ikataka madaktari warudishe sehemu ya gharama kwa tozo. Ikawa zogo. Waliofaidi ada nafuu za miaka ya nyuma wengi walikuwa wamestaafu, wakicheza gofu. Tozo iliwakuta waliobaki kazini, na miongoni mwao vijana ambao koleo lile lilipotumika walikuwa bado hawajaanza darasa la kwanza. Mwaka 2003 madaktari wa hospitali za umma za New South Wales walitishia kujiuzulu kwa wingi, hadi Tony Abbott, waziri mpya wa afya, alipoisimamisha tozo Oktoba. Mwezi uliofuata chama kikatoka mikononi mwa mfilisi. Mwaka huohuo sheria ikafuta ile hiari ya kamati: anayemkinga daktari lazima ampe mkataba wa bima na kuweka akiba inayokaguliwa. Chama kikaungana na cha Victoria mwaka 2007, na leo kinaitwa Avant.

Huko New Jersey, Marekani, walipata ajali nyingine. Kampuni ya MIIX, iliyoanzishwa na madaktari mwaka 1977, ilijitanua hadi majimbo isiyoyajua vizuri, ikaingia soko la hisa la New York mwaka 1999, na mwaka 2002 ikaacha kutoa bima mpya. Tamaa ya kukua ndiyo iliyoiponza zaidi, lakini humo pia kulikuwa na makadirio ya madai yaliyokuwa madogo kuliko ukweli.

Tuje nyumbani. Makosa tunayo. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa: wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa baadaye alifariki. Mwaka 2018 Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilimfungua kichwa mgonjwa asiyehitaji upasuaji. Mahakama nazo zimeamka. Uganda, mwaka 2015, Mahakama Kuu iliiamuru wilaya ya Nakaseke ilipe shilingi milioni 35 za nchi hiyo kwa familia ya mama aliyefariki kwa uzazi uliokwama, daktari wa zamu akiwa hayupo. Iliyolipishwa ni wilaya, yaani kwa lugha yetu halmashauri. Rwanda, jirani yetu ng'ambo ya Kagera, imekwisha kutunga sheria inayowataka watoa tiba wawe na bima ya makosa ya kazi.

Mkoani Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2006 mradi uliofadhiliwa na taasisi ya hisani ya Bloomberg ulisaidia kuweka vyumba vya upasuaji katika baadhi ya vituo vya afya, na wanaofanya upasuaji wa uzazi humo mara nyingi ni madaktari wasaidizi. Ni baraka kubwa kwa mama wa kijijini ambaye zamani angebebwa hadi hospitali ya wilaya. Lakini kisu kimesogea karibu na kijiji, na anayekishika ni mtu wa mshahara wa kawaida. Aliye serikalini atashtakiwa pamoja na mwajiri wake. Wa misheni, au wa zahanati ya mtu binafsi, huenda akajikuta amesimama peke yake.

Sasa tuseme waganga 100 wa Kasulu na Kibondo wanachanga shilingi 120,000 kila mmoja kwa mwaka. Ni milioni 12. Miaka mitano inapita bila kesi, benki kuna milioni 60, na mkutano mkuu unafurika. Atasimama mtu, tena mtu mwema, aseme: "Ndugu mwenyekiti, hizi zimelala bure, tugawane nusu." Watapiga makofi, kwa kuwa ndivyo sanduku la VICOBA lilivyowafundisha. Hakuna ukumbini atakayetaja kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza wa mfuko ana miaka mitano tu, na bado ana miaka 16 ya kudai. Na yupo mwingine atakayedai ada iwe sawa kwa wote, kwa jina la usawa, wakati mmoja anaandika dawa ya malaria na mwenzake anapasua matumbo usiku wa manane kwa taa ya sola. Kwangu mimi huo si usawa. Ni kumfanya mwenye hatari ndogo alipe ya mwenzake mpaka achoke na ajitoe, na mfuko ubaki na wenye hatari kubwa peke yao.

Kuna kinga nyingine ambayo hata michango haihitaji, nayo ni karatasi. Baada ya miaka 15 hakuna nesi anayekumbuka uzazi mmoja kati ya maelfu. Kitakachomtetea ni patografu, chati ya maendeleo ya uchungu, iliyojazwa saa kwa saa, na rejesta ya wodi ya wazazi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Karatasi hizo zikitupwa sakafuni stoo, mchwa watazimaliza kabla mtoto hajafika darasa la saba, na hapo mganga aliyefanya kila kitu sawasawa hana tofauti na aliyelala zamu.

Tena, Sheria ya Bima ya mwaka 2009 hairuhusu kundi kufanya biashara ya bima bila kusajiliwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, hata likijiita umoja wa kusaidiana. Njia iliyo wazi kwa waganga wachache ni kukata bima ya pamoja katika kampuni iliyosajiliwa, na kabla ya kutia saini kuuliza swali moja. Je, bima hii inalipa kwa kosa lililofanyika mkataba ukiwa hai, hata dai likija miaka kumi baadaye? Au inalipa tu dai litakaloletwa mkataba ungali hai? Aina ya pili huwa na ada ndogo mwanzoni. Daktari msaidizi anayestaafu akiwa na miaka 60 na kuacha kulipa ada hiyo anabaki bila kinga siku hiyohiyo, na watoto waliozaliwa mikononi mwake mwaka wa mwisho wa kazi bado hawajaachishwa kunyonya.