Ushahidi wa Jani

Picha ya jani ni kitu kidogo, na watu wengi huipita bila ya kuitazama mara ya pili. Lakini ndani yake mna swali ambalo kila hakimu alijua vizuri: shahidi aliyeliona jambo mara moja tu, akaeleza bila ya uongo yale aliyoyaona, je, amesema kweli juu ya jambo lenyewe?

Wekundu wa jani ni mfano unaofaa. Katika misitu ya Massachusetts, kaskazini-mashariki ya Marekani, majani ya mti uitwao mwaloni mwekundu hubadilika rangi mwezi wa Oktoba. Siku zifupikapo na baridi iingiapo, mti huacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inasayo nuru. Iliyokuwapo huvunjwavunjwa, na naitrojeni iliyomo hurudishwa katika matawi, kama mwenye nyumba akusanyavyo vyombo vyake kabla ya kuhama. Manjano iliyokuwa imefichika hutokea. Wekundu, kwa upande wake, hutengenezwa upya katika siku zile zile za mwisho. Kisha njia hufungwa kwenye kikonyo, na jani huanguka.

Katika miombo ya Tabora wekundu kama huo huonekana Septemba na Oktoba. Kiangazi ni kikali, mvua ingali mbali kwa majuma kadhaa, na miti, kwa maji iliyoyaweka katika shina na yale ivutayo kutoka chini sana, hutoa majani mekundu kama divai, na mengine ya rangi ya shaba. Jani hilo halifi. Limezaliwa juzi, na baada ya muda kidogo litakuwa kijani.

Picha mbili za majani hayo zikiwekwa mezani bila ya maandishi, mgeni hawezi kuambiwa na rangi lipi linakufa na lipi linazaliwa. Aliyelelewa na kalenda za ukutani zitokazo nchi za baridi atayaona yote mawili kuwa ni mazishi. Wala si lazima kuvuka bahari ili kupotea hivyo. Mwaloni ule ule wa Massachusetts, uchipuapo mwezi wa Mei, hutoa majani machanga yenye wekundu. Mti mmoja, rangi moja, na kati yake umri mzima wa jani.

Mtetezi wa kamera atasema kwamba kosa ni la mtazamaji, kwa kuwa picha haikudai neno. Utetezi huo una nguvu, lakini hautoshi. Macho hayana pazia, husema Waswahili. Kamera inalo, nalo hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha likafungwa. Mpiga picha ndiye achaguaye lini lifunguke. Aliyekwenda msituni mwezi wa Oktoba peke yake, kwa sababu Oktoba hupendeza, amekwisha kusema jambo juu ya jani kabla ya kubonyeza kitu chochote.

Tangu mwanzo wa sanaa hii jani limekuwa mtumishi mtiifu wa wapiga picha. Katika miaka ya 1830 Mwingereza William Henry Fox Talbot alilaza majani juu ya karatasi iliyopakwa chumvi na fedha iliyoyeyushwa, akaiacha juani hata umbo la jani likabaki. Baadhi ya karatasi hizo hata leo huhifadhiwa gizani, maana nuru iliyozifanya yaweza kuzifuta. Mwaka 1843 Anna Atkins alianza kutoa picha za samawati za mimea ya baharini kwa njia ya namna hiyo. Huko Berlin, Karl Blossfeldt alipiga picha za mimea kwa miaka mingi ili kuwafundisha wanafunzi wa sanaa, na kitabu chake cha mwaka 1928 kikampa sifa kubwa. Alikata, akapunguza majani yaliyozidi, akaweka kilichobaki mbele ya ukuta mtupu, akakikuza hata kikafanana na nguzo au chuma kilichofuliwa. Ni picha za ajabu, na hakuna haja ya kumlaumu. Lakini jani lililochumwa halina majira tena. Yeye alitaka umbo, akalipata. Maisha ya jani hayakuwa shughuli yake.

Wako waliochagua kazi ya kurudi. Katika msitu wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioko Petersham, John O'Keefe alianza mwaka 1990 kuitembelea miti ile ile kila baada ya siku chache, akiandika tumba lipi limefunguka na jani lipi limebadilika. Tangu mwaka 2008 kamera iliyofungwa juu ya mnara huutazama msitu huo kila nusu saa ya mchana. Kamera haichoki, wala haichagui siku nzuri; hupiga ukungu, hupiga theluji, hupiga picha zisizoonyesha kitu. Mtu huchoka, lakini hulikaribia tawi na kuligusa. Ni vigumu kusema yupi ni mwaminifu zaidi, na pengine uaminifu si neno la kupewa mashine. Miaka ya 2016 na 2017 viwavi wa nondo wa kigeni walikula majani ya mialoni katika sehemu nyingi za Massachusetts, na miti mingi ikalazimika kuchipua mara ya pili. Aliyefika Oktoba hakuweza kuyajua hayo kwa kutazama.

Hata arudiye, hata hivyo, ana jambo la kulitafakari. Mwaka ujao atalikuta tawi lile, si jani lile. Jani hupewa mzunguko mmoja tu; lidumulo ni mti. Watu wa nyumba moja hugombana juu ya picha ipi ya marehemu itundikwe sebuleni, ya ujana wake au ya ugonjwa wake, na kila upande una haki, kwa kuwa kila picha ni yake. Kwa binadamu angalau wapo jamaa wa kusimulia yaliyokuwa katikati. Jani halina jamaa ila huyo aliyekwenda na kurudi, na tarehe aliyoiandika pembeni.

Atakayetaka kuifanya kazi hiyo katika miombo ya Tabora itambidi aanze kabla ya wekundu, wakati majani ya zamani yanapokauka na kuanguka. Majuma ya kwanza atapata picha za matawi makavu na vumbi, na hakuna mchapa kalenda atakayezinunua.