Mchagua Jembe si Mkulima

Wahenga walituachia methali fupi: mchagua jembe si mkulima. Aghalabu hutajwa kumsuta mvivu, ambaye kila msimu hukosa kulima kwa kisingizio cha zana. Lakini naona inatugusa hata sisi tusiojihesabu kuwa wavivu, yaani wazazi, walimu na viongozi, ambao kila yanapozuka mazungumzo ya elimu ya watoto wetu hukimbilia kuuliza: tuwanunulie nini? Liko swali linalolitangulia hilo, nalo ni la maadili kabla ya kuwa la fedha: mtoto aliyeketi darasani anatudai nini?

Tuanze na zana tuliyoizoea hata hatuioni tena kuwa zana. Ubao na chaki ni uvumbuzi mkubwa, kwani mwandiko wa mtu mmoja huonwa na watoto hamsini kwa mara moja. Kwa mwalimu mmoja, ubao huo ni mahali pa kutafutia jawabu: mtoto huitwa mbele, hukosea, na kosa lake huchunguzwa na wote bila kicheko. Kwa mwingine, ubao uleule ni kitu cha kunakiliwa tu mpaka kengele ilie. Ubao haukubadilika. Tofauti ni kwamba katika somo la kwanza mtoto alihitajika, na katika la pili angeweza kuwa hayupo na somo likaendelea vilevile.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Busia na Teso, magharibi ya Kenya, watafiti walilipima jambo hili kwa chati kubwa za kufundishia. Walichukua shule 178, wakazipa nusu yake chati hizo na kuzilinganisha na zilizosalia. Kabla ya hapo, aliyetazama shule zilizokuwa na chati tayari angeona kwamba wanafunzi wake walifaulu zaidi, akasema, naam, chati zinafundisha. Lakini matokeo ya jaribio lile, yaliyochapishwa mwaka 2004, hayakuonyesha nafuu yoyote katika mitihani. Yaelekea shule zilizokuwa na chati tangu zamani zilikuwa na mengine mema yasiyoonekana ukutani. Sisi tuliona jembe, tukalipa sifa ya mkulima.

Kosa hilo si la Busia peke yake. Nchi ya Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012, baada ya kupima shule 319 za vijijini, haikupata ushahidi kwamba watoto waliendelea zaidi katika hesabu wala lugha, ingawa walizidi kidogo katika majaribio mengine ya akili. Kenya nayo iliahidiwa kompyuta za darasa la kwanza katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, na ugawaji wa vishikwambi ulianza mwaka 2016. Vifaa vilifika, lakini si shule chache zilizovifungia kabatini kwa hofu ya wezi, au kwa sababu hakuna aliyejua somo lipi liingie wapi.

Msomaji asidhani kwamba nachukia mitambo. Mwaka 1974 ulianza mpango wa kufundisha hesabu kwa redio katika nchi ya Nicaragua. Redio ni chombo cha bei nafuu, hakina picha, wala hakimwoni mtoto. Lakini waliotunga masomo yale walifanya jambo moja la busara: sauti iliuliza swali, kisha ikanyamaza. Katika ukimya ule mtoto alijibu kwa kinywa au kwa kalamu, ndipo redio ikatoa jawabu naye akajisahihisha. Walipopimwa, watoto wa redio waliwapita wenzao. Miaka ya 1980 Kenya ilitumia njia hiyohiyo kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini. Nimeufikiri sana ukimya ule. Wangapi kati yetu, wenye macho ya kumwona mtoto, huuliza swali na kumsubiri ajibu?

Mfano mwingine ni wa Delhi, nchini India. Mwaka 2015 wanafunzi 619 walishiriki katika uchunguzi wa programu ya kompyuta iliyotumika baada ya saa za shule. Programu hiyo ilianza kwa kumpima kila mmoja na kumwanzishia pale alipokuwa, si pale kitabu cha darasa lake kilipodai awe. Ilidhihirika kwamba mwanafunzi wa kawaida wa darasa la tisa alikuwa nyuma kwa zaidi ya madarasa manne katika hesabu. Katika miezi minne na nusu, waliopata nafasi hiyo waliwazidi wenzao waziwazi. Tena tuangalie: kompyuta ilishika nusu ya kila kipindi, na nusu ya pili wanafunzi walifundishwa na mtu, katika kikundi kidogo.

Hapa mwenzangu anaweza kunipinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kujua kila mmoja amekwama wapi, basi ikiwa mashine inaweza, kumnyima mtoto mashine hiyo ni dhuluma. Nakubali. Mtoto wa nyuma kabisa, aliyekaa kimya miaka minne akipandishwa darasa bila kujua kugawanya, hana haja ya falsafa yangu. Ana haja ya kugawanya. Chombo kikimfichua na kumsaidia, heri kije.

Lakini mashine hiyohiyo yaweza kuwa pazia. Serikali isiyotaka kuajiri walimu itasema imekwisha nunua vifaa. Shule itawaonyesha wageni chumba chenye vioo vinavyong'aa. Nasi wazazi tutarudi nyumbani tumeridhika, maana tulichanga. Katika vikao vya wazazi nimesikia mara nyingi ikihesabiwa idadi ya kompyuta, na mara chache mno ikiulizwa ni watoto wangapi wa darasa la nne wasioweza kusoma aya moja. Kununua ni rahisi kuliko kujali, kwa sababu ununuzi una siku ya kwisha na stakabadhi ya kuonyesha. Kujali hakuna stakabadhi.

Kwa hiyo mizani yangu ni ndogo, na kila mwalimu au mzazi anaweza kuitumia bila mtaalamu. Kipindi kikiisha, tuulize mambo mawili. Je, mtoto alifanya kitu kwa akili yake, au alitazama tu? Na je, mwalimu anajua sasa jambo fulani kuhusu mtoto huyo ambalo asubuhi hakulijua? Kama ndiyo, chombo kimetumika vema, kiwe chaki, redio au kishikwambi. Kama siyo, basi kwa bei yoyote tuliyolipa, deni la yule mtoto bado liko palepale.